Burundi: Amani iliandikwa na wakubwa, vita walipigana wadogo

Mazungumzo ya amani ya Burundi yalipokuwa yakifanyika Arusha, kwanza chini ya Hayati Mwalimu Nyerere na baada ya kifo chake Oktoba 1999 chini ya Mzee Nelson Mandela, sisi waandishi tulijua kwa majina karibu kila mwanasiasa aliyepita kwenye korido zile. Tulijua nani kasusia kikao na nani karudi mezani. Mkataba uliposainiwa Agosti 28, 2000, magazeti yalijaa picha za wakubwa wakipeana mikono. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza habari za yule aliyekuwa amelala kwenye tope la msitu wa Kibira usiku ule ule, awe wa serikali au wa waasi.

Mimi niliuliza kwa kuchelewa, na kwa bahati tu. Mwaka 2007 nilikuwa Kigoma kwa shughuli nyingine, nikaketi kwa mama lishe mmoja kule Kibirizi, mahali maboti ya Ziwa Tanganyika yanapopakia. Mbele yangu walikaa wapakiaji wawili Warundi wakila wali kwa dagaa. Mmoja alikuwa askari wa jeshi la zamani la Burundi, FAB. Mwenzake alipigana upande wa CNDD-FDD. Wote walikuwa wamepunguzwa jeshini, fedha zikaisha, wakavuka kutafuta kibarua.

Nilitegemea ubishi wa Wahutu na Watutsi. Ubishi ulikuwepo, ila ulihusu mbuzi. Waligundua kwamba katika msimu mmoja wa mvua walikuwa kwenye mlima mmoja mkoani Bubanza, wakachora ramani juu ya meza kwa kidole kilicholowa chai, huku ndiko walikokaa hawa, kule wale. Kila mmoja alishikilia kwamba mbuzi wa kijiji kile waliliwa na wenzake wa upande wa pili. Kama waliwahi kurushiana risasi hawakutaka kulijadili, nami sikuwasukuma.

Yule wa FAB aliingia jeshini akiwa na umri wa miaka 19, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa na wanajeshi Oktoba 21, 1993 na nchi kuwaka moto. Aliyekumbuka zaidi hakuwa adui bali baridi ya milimani, maharage yasiyoiva na viatu vilivyooza miguuni. Yule wa msituni alianza vita baada ya nyumba yao kuchomwa. Hakupata mshahara hata siku moja. Alikula kilichochangwa na wanavijiji, na pasipochangwa kilichukuliwa, jambo alilolisema akitazama sahani. Alisema malaria iliwamaliza wenzake kuliko bunduki, na kwamba kuna miezi walikula mihogo bila chumvi hadi ulimi ukasahau.

Nayaeleza haya kwa sababu wachambuzi wengi, nami nikiwemo, tumezoea kuisoma Burundi kwa hesabu za makabila na vyeo. Makubaliano ya Pretoria ya mwaka 2003 yaliwapa CNDD-FDD asilimia 40 ya nafasi za maofisa. Katiba ya mwaka 2005 ikasema hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Hesabu hizo zilikuwa za lazima, kwani jeshi lililokuwa likiongozwa na Watutsi pekee ndilo lililozaa hofu iliyoileta vita. Lakini ziligawa nyota za mabegani. Kuruta hakuwa na nyota ya kugawana.

Yeye alipewa mlango wa kutokea. Mpango wa kupunguza wapiganaji ulianza Desemba 2004 kwa fedha za wafadhili, na zaidi ya 20,000 wakapokonywa silaha na kurudishwa uraiani, wakiwemo takriban watoto 3,000. Aliyetambuliwa kuwa askari au mpiganaji kamili alilipwa kiinua mgongo cha mishahara ya miezi 18, kwa mafungu. Kulikuwa na kundi jingine, wale 'walinzi wa amani' ambao serikali iliwapa bunduki vijijini bila mshahara, pamoja na wanamgambo waliowasaidia waasi. Hao, karibu 30,000 kwa jumla, walipewa faranga 100,000 kila mmoja na kuagwa. Vita ilikuwa ile ile na risasi zile zile. Ukimuuliza mtu wa kundi hilo tofauti yake na aliyelipwa miezi 18, sidhani kama angekujibu kwa utulivu.

Hata hivyo waliobaki jeshini walifanya jambo ambalo wengi hatukulitarajia. Waliokuwa wakiwindana walilala bweni moja, na kuanzia Desemba 2007 wakapelekwa pamoja Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Kule Mogadishu adui alikuwa mwingine, na posho ya takriban dola 800 kwa mwezi ilikuwa fedha ambayo askari wa kawaida nyumbani haioti. Mabati mengi kwenye nyumba za Burundi yalilipiwa na handaki la Somalia. Sisemi posho ndiyo iliyowapatanisha, ila nasema ilisaidia kuliko semina.

Mei 2015, Jenerali Godefroid Niyombare alipojaribu kumpindua Rais Pierre Nkurunziza, ilionekana wazi kwamba jeshi lile halikupasuka kwa mstari wa kabila. Niyombare alitoka CNDD-FDD. Mkuu wa majeshi aliyesimama upande wa Rais, Prime Niyongabo, naye alitoka huko huko. Mapinduzi yalishindwa, nayo nchi haikurudi mwaka 1993. Kilichofuata ndicho kibaya: wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kuhusu askari wa FAB ya zamani waliouawa au kutoweka. Imani iliyojengwa bwenini ikaanza kuliwa na mchwa kutoka juu.

Sasa kuna Kongo. Majeshi ya Burundi yaliingia rasmi Kivu Kusini Agosti 2022, na baadaye yakapigana na M23 bega kwa bega na jeshi la Kinshasa. Mwaka 2024 mahakama ya kijeshi iliwafunga askari zaidi ya 200 kwa kukataa kwenda huko. Wakubwa waliita uasi, na kwa sheria za kijeshi wako sahihi. Lakini nchi iliyowahi kupeleka watu Somalia bila kukosa wa kupanda ndege inapaswa kujiuliza kwa nini mamia wamechagua jela. Somalia askari alijua posho yake, na alijua familia ingeambiwa akifa. Huko Kongo serikali haijatoa hesabu kamili ya waliopotea, nayo misheni ya Somalia iliyokuwa ikilisha familia nyingi ilifungwa mwishoni mwa 2024.

Rais Evariste Ndayishimiye haya hakuyasoma kitabuni. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi wenzake walipouawa mwaka 1995, akakimbilia msituni. Anaijua njaa ile. Ndiyo maana hukumu zile zilinishangaza kuliko ambavyo zingenishangaza zingetoka kwa mtu mwingine.

Pale Kibirizi, yule wa FDD alimaliza chai yake kwa kunichorea njia aliyopita mwaka 1998, walipokwenda kupigana upande wa Laurent Kabila dhidi ya waasi waliosaidiwa na Rwanda. Aliweka kidole bonde la Rusizi, akakipeleka Uvira, kisha akateremka kandokando ya ziwa kuelekea Fizi. Desemba 2025 M23 walipoingia Uvira, nilisoma majina yale yale kwenye habari, na maelfu ya watu wakikimbilia Burundi kupitia bonde lile lile. Sijui kama bado anapakia maboti. Alikuwa na mtoto wa kiume, mwaka ule alikuwa anajifunza kutembea.