Beni-Butembo: redio zinaunganishika, wakubwa je?

Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha wagonjwa wa Ebola cha Katwa kilishambuliwa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya kile cha Butembo. Saa kama hizo madaktari, polisi, FARDC na MONUSCO wanapaswa kusikilizana haraka. Lakini Motorola za masafa tofauti hazisikilizani, hata wenye nazo wakiwa mtaa mmoja.

Dawa ipo: kifaa kinachopokea sauti ya redio moja na kuirusha kwenye nyingine, bila kununua redio mpya. Ugumu uko kwa wakubwa. Jeshi halitaki kila mtu asikie mazungumzo yake, na lina haki: waasi nao wana masikio. Basi njia hiyo ifunguliwe wakati wa hatari tu, na afisa wa kuifungua ajulikane kabla risasi hazijalia.