Dunia inaisha, mbona mchungaji ananunua kiwanja?

Jamani, hili la siku za mwisho tulizungumze bila kuogopana. Ukipita jioni kwenye mikutano ya injili mjini utaambiwa ratiba nzima: kwanza unyakuo, kisha miaka 7 ya dhiki kuu, mpinga Kristo na 666 yake, halafu Yesu anarudi kutawala miaka 1,000. Utaambiwa Biblia ndivyo inavyosema, na ukiuliza swali, basi shetani ameshakuingia.

Mimi sisemi Yesu harudi. Nasema ratiba hiyo ni tafsiri moja kati ya kadhaa, tena changa. Unyakuo kabla ya dhiki ulienezwa na mhubiri John Nelson Darby huko Uingereza na Ireland kuanzia miaka ya 1830. Ukapata nguvu Marekani baada ya Biblia yenye maelezo ya Scofield kuchapishwa mwaka 1909. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, katika karne ya 5 alishafundisha kwamba miaka 1,000 ya Ufunuo sura ya 20 ni kipindi hiki hiki cha kanisa. Wakatoliki na Walutheri wengi wanaamini karibu hivyo mpaka leo. Wengine, kama Jonathan Edwards wa Marekani katika karne ya 18, walitarajia Injili iibadilishe dunia kwanza, ndipo Kristo aje.

Wote hao ni Wakristo, na wote wanakiri kwamba atarudi. Sasa kwa nini muumini wa Mbagala au Kayole asiambiwe kwamba kuna mjadala?

Jibu langu ni fupi: hofu ni mtaji. Mtu asiye na kesho hahitaji shamba, wala akiba, wala ada ya mtoto. Anatoa vyote. Na anayepokea je? Ananunua kiwanja, anakipima, anafuatilia hati ya miaka 99. Ya nini hati ya miaka 99 kama parapanda inalia kesho?

Mwisho wa mchezo huu tumeuona. Kanungu, Uganda, kiongozi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi alitangaza dunia ingeisha na mwaka 1999. Haikuisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini wakateketea ndani ya jengo la ibada. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi walikuwa wameshinda njaa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Watoto walikuwemo.

Utasema hao ni vichaa, kanisani kwetu hakuna mambo hayo. Sawa. Lakini hata wao hawakuanzia msituni. Walianza na mtu mmoja anayeshika kalenda ya Mungu peke yake, na waumini waliofundishwa kwamba kuuliza ni dhambi. Je, kanisani kwenu hilo halipo?

Wala tusidanganyane kwamba tatizo ni kuamini mwisho u karibu. Wafuasi wa William Miller walimsubiri Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, hakuja. Baadhi yao ndio walioanzisha kanisa la Waadventista Wasabato. Bado wanahubiri kwamba anakuja upesi, lakini wamejenga Hospitali ya Heri kule Kigoma, hospitali ya Kendu Bay, na Chuo Kikuu cha Arusha. Anayemngoja bwana wake hufagia nyumba, haichomi moto. Mtume Paulo naye aliwakemea Wathesalonike waliokuwa wameacha kufanya kazi na kula vya wenzao. Na Yesu mwenyewe alisema siku ile haijui hata yeye, ila Baba. Nabii wa mtaani kwenu ameijulia wapi?

Wewe msomi, kazini unadai ushahidi hata wa risiti ya teksi. Kanisani unaambiwa chanjo na kitambulisho ni chapa ya mnyama, unaitikia "amina".

Jumapili ijayo muulize mchungaji wako swali moja tu: Wakristo wengine wanalielewaje andiko hili? Akikujibu kwa hoja, kaa umsikilize hata kama humkubali. Akikujibu kwa laana, beba Biblia yako uondoke, na watoto wako uwashike mkono.