Samaki Mkavu Naye Ana Umri Wake

WAHENGA walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini nadhani methali hiyo imetufanya tumsahau yule aliyekwisha kauka. Leo nataka kumtetea, na ushahidi wangu nimeutoa Kisumu.

Kwanza nieleze kilichonitia fikira hizi. Kule Ureno kuna mvinyo uitwao Port, kwa jina la mji wa Porto. Ule wa miaka bora hutiwa chupani ukaachwa gizani miaka ishirini, thelathini au zaidi. Kisha wajuzi hukaa mezani wakaulinganisha, wa mwaka 1963 na wa mwaka 1977, wakabishana ni upi uliokomaa vizuri. Kinywaji chenyewe kwetu ni haramu, wala sina haja ya kuujua utamu wake. Lakini nilijiuliza: ikiwa wenzetu wameusomesha ulimi kiasi hicho, mbona sisi wenye vyakula vya halali vinavyogeuka ladha kwa umri hatuna hata mazungumzo juu yake?

Nilipokwenda Kisumu nilichukua ng'onda kutoka Mombasa, zawadi ya mwenyeji wangu, mama mmoja auzaye samaki katika soko la Kibuye. Alipoufungua mfuko alicheka. "Mzee, unaleta samaki ziwani?"

"Huyu ni wa chumvi, Mama," nikamjibu. "Nataka akutane na wenu."

Basi akanitolea obambla, yaani ngege aliyepasuliwa, akatolewa matumbo, akaoshwa na kuanikwa juani. Alikuwa nao wa namna mbili: waliotoka kichanjani juma lile, na waliokwisha kaa ghalani kiasi cha miezi miwili. Akawaroweka, akawapika kila mmoja katika sufuria yake kwa nyanya na vitunguu tu, na ng'onda wangu vivyo hivyo, bila ya tui la nazi, ili asiwepo wa kupendelewa. Tukala kwa ugali wa mtama. Na kwa kuwa samaki hachinjwi, sikuwa na la kuuliza.

Yule wa juma moja alikuwa mpole. Nyama yake laini, mchuzi mwepesi, na harufu ya ziwa haijamtoka. Ng'onda wetu alitangulia kwa chumvi. Ladha ya bahari ikaja nyuma yake, kama mgeni aliyepitishwa na bawabu. Lakini yule wa miezi miwili! Nyama ilichambuka nyuzi nyuzi, rangi yake kama samli iliyoiva, na utamu wake ulikaa kinywani hata baada ya kunawa mikono.

Najua nitalaumiwa na jamaa zangu wa Mombasa, lakini ushindi nilimpa yeye, na sababu ninayo. Chumvi humhifadhi samaki, lakini pia humfichia aibu. Obambla yule hakutiwa chumvi. Kama alikuwa ameanza kuharibika kabla ya kuanikwa, au alinyeshewa, au alitupwa mchangani badala ya kuwekwa kichanjani, tonge la kwanza litamsema. Anayemkausha vizuri pasipo chumvi ni fundi kweli kweli.

Sasa ufundi huo uko hatarini. Ngege wa asili walianza kupungua tangu nyavu za kutega zilipoingia ghuba ya Kisumu mwaka 1905. Kuanzia miaka ya 1950 likatiwa ziwani samaki kubwa, mbuta, ambalo Watanzania huliita sangara, na kufikia miaka ya 1980 likawa ndilo bwana wa maji. Mbuta lina mafuta mengi, halikauki juani kwa urahisi. Hivyo watu wakalibanika kwa moshi au kulikaanga, na miti ya pwani ya ziwa ikateketea kwa kuni. Minofu ikaenda Ulaya, na wenyeji wakabaki wakinunua mifupa iitwayo mgongo wazi. Ngege wa asili leo hupatikana katika maziwa madogo kama Kanyaboli, huko Siaya. Wengi wanaoanikwa siku hizi ni jamaa zake walioletwa kutoka kwingine.

Lakini lililonisikitisha zaidi si la samaki, ni la wanunuzi. Mama yule aliniambia kwamba hawatenganishi tena obambla wapya na wakongwe anapouza, kwa sababu wateja huuliza bei tu. "Nijichoshe kwa ajili ya nani?" alisema. Hapo ndipo ujuzi unapofia, msomaji mpenzi. Fundi hufa njaa pale ambapo hakuna ulimi wa kumtambua.

Nasi watu wa Mwambao hatuna udhuru. Wazee wetu waliyangoja majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni na tende na samaki mkavu, wakachagua kwa pua na kwa kidole kabla ya kutoa fedha. Leo tukimwona samaki mkavu twasema ni chakula cha maskini, na tukimwona wa maji baridi twasema hana ladha. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwaka 1901. Zaidi ya miaka mia imepita, na ndimi zetu bado hazijasafiri.

Kwa hiyo, utakapofika Kisumu, usiishie kwenye samaki wa kukaanga. Nenda Kibuye, uliza obambla huyu ameanikwa lini, juu ya kichanja au juu ya mchanga, wakati wa jua au wa mvua. Ukijibiwa vizuri, usibishane sana juu ya bei. Shilingi chache utakazozidisha ndizo zitakazomfanya mama yule aanze tena kuwatenganisha.