Kijana Anayetaka Kuvuka Kitulo Peke Yake

Ninyi mkaao Tukuyu, Kiwira, Mwakaleli na vijiji vyote vya chini ya mlima Rungwe, bila shaka mmekwisha kuwaona wale vijana wageni wapitao na mkoba mkubwa mgongoni, mtu mmoja mmoja, hana mwenzake wala mbwa. Hushuka katika basi pale Isyonje, wakashika njia iendayo Kitulo na Makete, na akina mama wauzao viazi huwatazama na kuulizana, "Maskini, huyu amefukuzwa kwao?"

Zamani tulicheka tu. Siku hizi yatupasa kuuliza zaidi, maana wana wetu nao wameanza. Kijana amemaliza shule, ameona katika simu picha za maua ya Kitulo, naye amwambia baba yake, "Nataka kuivuka nyika ile kwa miguu, peke yangu, nitokee Matamba." Baba afanyeje? Wengine hugomba papo hapo. Mimi nasema, usigombe. Mketishe, umwulize maneno machache, na majibu yake yatakuonyesha kama yuko tayari au hayuko.

Kwanza mwulize kama anaijua nchi yenyewe. Toka Isyonje njia yapanda kati ya mashamba ya viazi na pareto, kisha miti yakoma, na nyumba nazo zaanza kuwa moja hapa na moja kule, mpaka hakuna tena. Huko juu ni kiasi cha mita 2,600. Si jangwa la mchanga, maana vijito viko na majani yako. Lakini kwa msafiri ni jangwa kweli: hakuna kivuli, hakuna kuni, hakuna paa. Jua likiwaka laichoma ngozi upesi kuliko huku chini, hata kama upepo ni wa baridi naye hasikii joto. Si nchi ya simba na tembo. Wanaomwonya kijana juu ya simba wampotezea wakati.

Uzuri wake siwezi kuukana. Tangu mwaka 2005 sehemu kubwa ya nyika hiyo, kilomita za mraba zipatazo 413, ni Hifadhi ya Taifa, na imewekwa hasa kwa ajili ya maua, jambo lisilo la kawaida katika Afrika. Wataalamu wamehesabu aina 350 hivi za mimea, na kati yake aina 45 za orkidi. Wenyeji wapaita Bustani ya Mungu. Na hapa nitie neno pembeni: viazi vya orkidi hizo vimechimbwa kwa wingi sana vikapelekwa Zambia, wanakopika chakula kiitwacho chikanda. Akichimbuaye kiazi ameliua ua lenyewe. Kijana wako asichimbe, hata kimoja cha kuonyesha nyumbani. Tena apate kibali cha kuingia, alipe kiingilio. Makao ya hifadhi yako Matamba.

Swali la pili: aenda mwezi gani? Maua huchanua sana tangu Desemba hata Aprili, lakini ndiyo miezi ya mvua na radi, na katika nyika isiyo na mti, mtu aliyesimama ndiye mrefu kuliko vyote. Juni hata Agosti ni baridi na ukungu. Septemba hata Novemba maua ni machache, lakini kwa mwenda kwa miguu ndio wakati wa heri. Kijana akisema, "Nakwenda Julai kwa kuwa ndiyo likizo," basi bado hajafikiri.

Maana jambo lenyewe ni baridi. Yafaa tulieleze vema. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na Kitulo imeizidi Tukuyu kwa kiasi hicho au zaidi. Asubuhi nyingine za Juni na Julai utakuta barafu nyembamba juu ya majani. Hata hivyo baridi kavu haimshindi mtu mwenye blanketi. Kinachoua ni nguo zilizolowa zikipigwa na upepo. Mtu aliyelowa hupoteza joto upesi sana, hata pasipo barafu yo yote. Kwanza hutetemeka. Kisha mikono yakataa kufunga kifungo, ulimi wawa mzito, ajikwaa kama mlevi, naye asema, "Mimi sina neno." Kutetemeka kukikoma na hali bado amelowa, msidhani amepona, hapo yuko karibu na kufa.

Ninyi mnaokaa kandokando ya nyika, mtu wa namna hiyo akibisha hodi, mvueni nguo mbichi zote, mfungeni blanketi kavu mpaka kichwani, na mwanamume mwenzake alale karibu naye ampe joto la mwili. Akiwa macho na aweza kumeza, mpeni chai ya moto kiasi yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, wala msimbandike motoni. Na pombe msimpe kabisa! Najua wengi husema pombe yatia joto. Yaleta damu kwenye ngozi, ndiyo sababu ahisi joto, lakini joto hilo latoka mwilini na kwenda zake. Kisha tafuteni gari mkampeleke hospitali.

Swali la tatu ni ukungu. Kitulo ukungu waweza kufunika nchi kwa muda mfupi hata usione njia unayoikanyaga. Watu husema, ukipotea fuata kijito, kitakufikisha kwa watu. Huko ushauri huu ni hatari. Maji ya nyika ile, mengine huenda kuujaza Ruaha Mkuu, mengine hushuka upande wa Ziwa Nyasa, na pande zote mbili kuna magenge. Kijito chaweza kuruka genge, kijana hawezi. Basi ukungu ukishuka akae papo hapo, avae kila alicho nacho, aketi juu ya mkoba wala si juu ya ardhi, angoje. Kama ni usiku kucha, na iwe usiku kucha.

Huenda kijana atajibu, "Mbona wazungu wa zamani walipita?" Ndiyo, walipita. Elton alipita milima hii mwaka 1877, hata ramani za zamani zaliita nyika hiyo kwa jina lake. Naye Joseph Thomson alishuka kutoka nyanda za juu mpaka Ziwa Nyasa mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 21 tu. Lakini hakuwa peke yake hata kidogo! Thomson alikuwa na msafara wa wapagazi zaidi ya mia, na mkuu wao alikuwa Chuma, yule yule aliyekuwa mmoja wa waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani. Mmoja alijua njia, mwingine alibeba hema, mwingine alikoka moto. Hata Wakinga, waliovuka milima kuja kwa Wanyakyusa na majembe yao ya chuma kutafuta chakula, hawakuifanya safari hiyo kuwa mchezo.

Kwa hiyo mwana wako aendapo peke yake, mkoba ule ndio wapagazi wake. Mfungueni pamoja, sakafuni, kabla hajaondoka. Pana hema, au angalau turubai? Pana blanketi zito na sweta la sufu, na nguo kavu za kulalia zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, asizozivaa mchana hata akilowa? Pana jiko dogo na mafuta yake? Mama atataka kumtilia maharage. Asimtilie, mama yangu. Huko juu maji huchemka yakifika nyuzi 91 hivi, si 100 kama pwani, na maharage yatamaliza mafuta yote yangali magumu. Mpe unga wa uji, karanga, sukari, ndizi zilizokaushwa. Maji ya vijito ayachemshe, maana ng'ombe hulishwa upande ule.

Simu anayo, lakini asiitegemee. Baridi humaliza betri, na mahali pengine hakuna mtandao. Aandike kwenye karatasi njia atakayopita na siku ya kutokea, aiache nyumbani, na wazazi wapange tangu sasa watafanya nini siku hiyo ikipita. Na ajifunze kusalimu. "Ugonile" yatosha mpaka mpakani kwa Wanyakyusa. Akifika ng'ambo kwa Wakinga aseme "Kamwene," naye ataonyeshwa njia bila kuuliza mara mbili.

Akiwa na majibu mema kwa haya yote, mwache aende. Akitokea Matamba ataikuta ile barabara ishukayo Chimala kwa kona 57, na mabega yakiuma apande gari, si aibu. Chimala kuna mabasi ya Mbeya, na toka Mbeya nyumbani ni karibu. Lakini akishuka Chimala, kabla hajanunua hata soda, apige simu kwa mama yake.