Udhu wa Ziwani na Mnyoo Usioonekana



Mama mmoja aliyeolewa Sori, ufukoni mwa Ziwa Victoria, ameniuliza: wanawe hutawadha ziwani, na mmoja amekutwa na kichocho cha tumbo. Je, maji yale yafaa kwa udhu?

Sisi wa Pwani tumezoea kichocho cha damu katika mkojo. Cha ziwa lile hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake huliharibu ini kimyakimya.

Jibu la fikihi ni jepesi: maji ya ziwa ni tohara, nayo hutohirisha. Lakini dini haituruhusu kujidhuru, na hatuwezi kuepuka tusichokijua.

Wataalamu hujifunza kiumbe mdogo kwa kumtazama akiwa hai. Mwingereza John Sulston alikaa mbele ya hadubini akitazama mnyoo wa udongoni wenye urefu wa milimita 1, ambao mwili wake hupenya mwanga. Alifuata kila seli ikigawanyika, tangu yai hadi mnyoo mzima wenye seli 959. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1983, na mwaka 2002 akatunukiwa Nobel pamoja na wenzake wawili. Nasi tuliosomeshwa na Qur'ani hatua za kuumbwa kwetu tumboni, twasema: Subhanallah!

Mnyoo wa kichocho nao umetazamwa vivyo hivyo. Yai hutoka na choo cha mgonjwa, likaanguliwa majini. Kiluwiluwi chake humwingia konokono, humo kikazaana kwa maelfu. Wanaotoka huitafuta ngozi ya mtu, wakaipenya kwa dakika chache. Wasipompata, hufa kwa muda wa siku mbili hivi.

Basi, mama yangu, njia ya mnyoo huu yakatika mahali patatu. Kwanza choo: Mtume (s.a.w.) alitukataza kujisaidia katika maji wanayoyaendea watu. Pili maji: yachotwe bila kuingiza miguu ziwani, yawekwe siku mbili katika chombo kilichofunikwa, au yachemshwe, ndipo watoto watawadhe na kuoga. Tatu dawa: prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kukomaa, lakini haizuii mipya. Mtoto aliyetibiwa akirudi kuogelea, ugonjwa nao hurudi. Mpeleke zahanati, na nduguze wapimwe pia.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.