Uzoefu wa kazi unatoka wapi?



Juma hii tuongee juu ya neno moja ambalo vijana wetu wanarudi nalo nyumbani kila mara wanapopeleka barua ya kuomba kazi: uzoefu. Kijana ana diploma ya Serikali, nguo zake zimepigwa pasi, barua imeandikwa vizuri. Anaulizwa: «Umefanya kazi wapi, miaka ngapi?» Anajibu kwamba hajafanya bado. Anaambiwa arudi akiwa na uzoefu. Sasa ataupata wapi, kama hakuna anayemfungulia mlango wa kwanza?

Sisi walimu tunaona jambo hili kila mwaka. Matokeo ya Mtihani wa Taifa yakitoka, tunaimba, tunawamwagia vijana poda nyeupe kichwani. Miezi michache baadaye wale wale wamekaa mbele ya nyumba, na maneno yanaanza: «Huyu mtoto ni mvivu.» Tusiwe wepesi kusema hivyo. Swali analoulizwa yeye leo, mababu zetu hawakuulizwa.

Zamani kompani yenyewe ndiyo ilitengeneza uzoefu. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilihitaji mikono. Mitambo ya shaba hapa Shituru ilipoanza 1929, watu walijifunza kazi ndani ya kazi. Kompani ilikuwa na masomo yake, kambi zake, hospitali zake na posho yake, na mtoto wa mfanyakazi alijua mlango wa kuingilia. Gécamines iliendelea hivyo kuanzia 1967. Kisha mambo yakaharibika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ule mpango tunaouita «départs volontaires». Nyumba nyingi za komini yetu zinaukumbuka mwaka ule. Tangu hapo, jina la baba halifungui mlango tena. Kompani za leo, pamoja na zile ndogo zinazozifanyia kazi, zinataka mtu wa kuanza kesho asubuhi bila kufundishwa.

Basi tuulize: uzoefu ni nini? Sisi tunasema hivi: ni kazi uliyoifanya, kwa muda unaojulikana, na kuna mtu anayeweza kuishuhudia. Hayo matatu tu. Mshahara haumo ndani yake. Tukiangalia kwa macho hayo, tutaona kwamba watoto wetu wengi wanao uzoefu, lakini umelala bila kuandikwa.

Msichana anayeuza na mama yake sokoni tangu kelasi ya tatu ya sekondari, anayeandika madeni ya wateja na kuhesabu feza jioni, huyo amefanya kazi ya kuuza na ya kutunza hesabu. Mvulana anayemsaidia mjomba wake kuchomelea milango kila likizo amefanya kazi ya chuma. Kijana aliyeshika feza za kwaya mwaka mzima na hakuna kilichopotea, ameonyesha uaminifu, na mwenye kazi anautafuta uaminifu kuliko vitu vingi. Lakini wote watatu wakiketi kuandika CV, mahali pa uzoefu wanaacha wazi, au wanaandika «hakuna».

Kwa hiyo, mama, nunua kaye moja. Iwe ya kazi tu, isichanganywe na masomo. Kila kazi anayoifanya kijana, kubwa au ndogo, iandikwe humo: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, alifanya nini hasa, kwa nani, na telefone ya yule mtu. Asiandike «nilimsaidia mjomba». Aandike: «Kukata na kuchomelea chuma cha milango na madirisha, likizo kubwa ya 2023 na ya 2024, karakana ya kartie.» Kisha amwombe mwenye karakana karatasi fupi yenye sahihi. Mtu mwenye roho nzuri hakatai kuandika mistari mitatu ya kweli. Na iwe kweli! Uongo kwenye CV unaanguka siku ya kwanza, mashini ikishikwa mkononi.

Wanafunzi wa pedagojia na wa ufundi wanafanya staji kabla ya kumaliza masomo. Ile ni kazi halisi. Lakini wengi wanatoka bila karatasi ya ushuhuda, au karatasi inapotea kwenye kuhama. Kabla mtoto wako hajaaga mahali pa staji, mwambie aombe karatasi hiyo, atoe kopi mbili, moja ikae kwako pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Kwa wale wasio na kitu cha kuandika kabisa, kuna milango miwili ya Serikali. Wa kwanza ni INPP, iliyoundwa 1964 kwa kufundisha kazi za mikono na za ofisi. Kompani zinalazimishwa na sheria kuichangia, kwa hiyo jina lake zinalijua, na cheti chake kinasomeka. Wa pili ni ONEM, ofisi ya kazi, ambapo kijana anajiandikisha kuwa anatafuta kazi. Kujiandikisha si kupata, lakini asiyejiandikisha hawezi kuitwa.

Tuseme sasa juu ya haki, maana vijana wanaoingia bila uzoefu ndio wanaodanganywa haraka. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema hivi: muda wa kujaribiwa lazima uandikwe. Haupiti mwezi 1 kwa mfanyakazi asiye na ufundi, wala miezi 6 kwa wengine. Ukipita hapo na bado unafanya kazi, mkataba umethibitishwa. Tena, kwa wale wa kazi ya siku kwa siku, «journaliers» wetu: aliyefanya siku 22 ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Ndiyo sababu nyingine ya ile kaye: kijana aandike kila siku aliyofanya. Bila hesabu, atabishana na nini? Na mkataba wowote ukiisha, mwenye kazi analazimishwa kutoa cheti kinachoonyesha kazi gani ilifanyika na kwa muda gani. Kijana asiondoke bila cheti hicho. Huo ndio uzoefu atakaoulizwa kesho.

Kuna njia tatu za mkato ambazo tunaomba wamama wasizikubali. Ya kwanza ni kununua kazi. Mtu anakuja nyumbani, anasema anajua mkubwa fulani, anaomba feza ya «kusukuma karatasi». Mama anatoa feza ya likelemba, mtu anazima telefone. Ya pili inawagusa wasichana: kazi inayoombewa mwili. Binti akiambiwa aje kuzungumza jioni, peke yake, mahali pasipo ofisi, asiende. Na akirudi kukusimulia, usimfokee, msikilize, kwa sababu siku ukimfokea ndiyo siku ya mwisho ya kukuambia kitu. Ya tatu ni kuacha masomo kwa ajili ya kuchimba. Feza ya mgodi inaonekana haraka, tunajua, na nyumba nyingi zinakula bukari kwa feza hiyo, hatumtukani mtu. Lakini shimo linaanguka, na anayetoka humo mzima baada ya miaka mitano hana hata karatasi moja ya kuonyesha.

Na sisi wenyewe? Mama wa miaka 38 aliyelea watoto watano naye anaulizwa uzoefu. Sheria ya 2016 iliyobadilisha Kode ya Familia ya 1987 iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mke alilazimishwa kuitafuta. Siku hizi bibi na bwana wanapatana. Basi kaye ya pili iwe ya kwako: miaka ya kuuza, ya kushona, ya kuongoza kundi.

Hatusemi kwamba kaye inaumba kazi. Kazi ni chache hapa, na kijana mwenye karatasi zote anaweza kungoja sana. Lakini kati ya vijana wawili wanaongoja, yule mwenye ushuhuda anaitwa mbele.

Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo tunaleta ombi kwa makundi yetu. Kila kundi lina likelemba, lina mkutano, lina hesabu za kuandika. Chukueni kijana mmoja wa kartie, msichana au mvulana, awe mwandishi wenu kwa miezi mitatu: aandike mambo ya mkutano, ahesabu michango, asome hesabu mbele ya wote. Mumpe feza kidogo ya sabuni kama mnaweza. Mwisho wa miezi mitatu, mwenyekiti na mshika feza watie sahihi kwenye karatasi moja: alifanya nini, tangu lini, na kama alikuwa mwaminifu. Kisha mwingine achukue nafasi yake. Kundi moja likifanya hivyo, vijana wanne kwa mwaka watakuwa na jibu wakiulizwa. Tuanze kwenye mkutano wa juma lijalo.