"Jambo Bwana" na Hukumu ya Wajuzi

Kila zinapohesabiwa nyimbo zilizokishushia Kiswahili hadhi, wajuzi wa mwambao hawachelewi kuutaja "Jambo Bwana". Hoja zao ni zile zile. Mswahili haamkii kwa "jambo", huuliza "hujambo" akajibiwa "sijambo", na mbele ya mkubwa wake hushika miguu. "Hakuna matata" nayo si kauli ya Unguja wala ya Pemba. Isitoshe, wimbo hauna fumbo la kufumbuliwa. Basi hukumu imeshapita: huo ni wimbo wa watalii, na bendi iliyouimba imeivunjia lugha heshima.

Hukumu hiyo ni dhaifu, na imedumu mno.

Them Mushrooms hawakuwa wageni wa pwani. Bendi yao iliundwa Mombasa mwaka 1972 na ndugu wa ukoo wa Harrison, wakawa wakipiga rege na chakacha katika hoteli za ufukweni. Teddy Kalanda Harrison aliutunga wimbo huu kwa maneno machache ambayo mgeni wa wiki mbili angeweza kuyashika na kurudi nayo kwao. Santuri ilitoka mwaka 1982, ikauza, kwa hesabu inayotajwa, zaidi ya nakala 200,000. Mwaka uliofuata kundi la Boney M la Ujerumani likatoa wimbo wake juu ya wimbo huo.

Wapenzi wa ushairi wanajua kwamba kila tungo hupimwa kwa kazi yake. Kimai ni cha mabaharia, vave ni la wakulima wa Amu, na hapana aliyewahi kulilaumu vave kwa kukosa mizani ya utenzi. Kwa nini basi wimbo wa kumkaribisha mgeni upimwe kwa kipimo cha Muyaka?

Na hilo "jambo" lenyewe halikuzaliwa hotelini. Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, anasimulia jinsi watu wa Ujiji walivyomlaki mwaka uliotangulia: walimwamkia kwa neno hilo hilo, wakaliandamanisha na "bwana". Ni miaka 111 kabla ya santuri. "Matata" nayo ni ndugu wa utata, tatizo na kutatanisha, maneno ambayo wajuzi hao hao huyatumia katika makala zao bila kuona haya. Mtu anaweza kusema kwamba kwao hawasemi hivyo, na atakuwa mkweli. Lakini kutosemwa Mkunazini si kutokuwa Kiswahili.

Hapa ndipo ubaya wa hukumu hii unapojitokeza. Anayeanza kwa kumcheka mtalii na "jambo" lake hamalizii kwa mtalii. Mtoto wa Chitete, wilayani Momba, ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kinyamwanga, hakupokea Kiswahili kwa malenga wa Pemba. Alikipokea darasani, redioni na katika nyimbo, na akishuka Tunduma mpakani hukisikia kikiuza na kununua. Kiswahili chake nacho kina maneno yasiyosemwa Unguja. Akileta shairi lake, atahukumiwa kwa shairi au kwa matamshi ya kwao? Wajuzi wamjibu huyo kwanza.

Kama ni hasira, ingetafutiwa mahali pake. Mwaka 1994 kampuni ya Disney, ikiwa na filamu yake ya simba, iliomba kusajili maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi, na mwaka 2003 ikakubaliwa huko Marekani. Wanasheria walieleza kwamba usajili huo haumzuii mtu kusema wala kuimba. Ni kweli, hata hivyo, maneno ya watu yaliandikishwa kwa jina la kampuni. Miaka 15 ikapita ndipo ombi la kupinga, lililoanzishwa na Mzimbabwe wala si mtu wa mwambao, likapata sahihi zaidi ya laki moja mwaka 2018. Wajuzi waliomkemea Kalanda kwa kuyaimba maneno hayo wangepaswa kuwa mstari wa mbele yalipochukuliwa.

Kalanda alifariki mwaka 2024. Wimbo wake umerekodiwa na wengi, hata wapo wanaoudhania kuwa wa Safari Sound Band. Mgeni akiteremka kwenye boti Malindi, Unguja, huenda akaimbiwa kabla hajafika kitandani. Badala ya kuuliza kama "jambo" ni sahihi, wajuzi wangeiuliza hoteli inayoupiga kila jioni: mtunzi analipwa nini?